Je, Wajua? Besi Yako Inaning'inia kwa Skrubu Mbili

Gitaa la besi lina mbao za bei, sumaku, nyaya na nyuzi nene. Lakini ukisimama nalo, kinacholitenga na sakafu ni matundu mawili kwenye mkanda na skrubu mbili kwenye mbao. Leo safu hii inaufuata uzito wa besi kutoka begani hadi ndani ya mbao, na kuangalia kufuli la mkanda linasaidia wapi na wapi halisaidii.

KIFUNGO NA TUNDU LAKE

1. Je, wajua kwamba mkanda ndio uliompa mpiga besi miguu? Kontrabasi husimama sakafuni kwa msumari wake, na mwenye nayo husimama palepale akiikumbatia. Mwaka 1951 Leo Fender, huko Fullerton, California, alitoa Precision Bass, besi ya umeme inayovaliwa begani. Jina hilo lilitokana na freti zake, zinazomwezesha mpigaji kuipata sauti sahihi bila kukisia.

2. Je, wajua kwamba Fender hakuwa wa kwanza? Katikati ya miaka ya 1930 Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, alikwishatengeneza besi ya umeme yenye freti, Audiovox 736, ya kupigwa ikiwa imelala kama gitaa. Haikushika soko.

3. Je, wajua ni nani aliyeitembeza mapema besi ya Fender mbele ya watu? Monk Montgomery, aliyeipiga katika bendi ya Lionel Hampton mwanzoni mwa miaka ya 1950.

4. Je, wajua kwa nini pembe ya juu ya besi ni ndefu? Kifungo cha mkanda kimekaa kwenye ncha yake. Katika Precision ncha hiyo hufika karibu na freti ya 12, ili shingo ndefu isiinamie sakafuni. Umbo hilo la pembe mbili lilianza kwenye besi, na Stratocaster ya mwaka 1954 ikalirithi.

5. Je, wajua uzito unaoubeba? Besi nyingi za mbao nzima huwa na kilo 4 hivi, nyingine zaidi. Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla aliyoipatia umaarufu Paul McCartney, ina uwazi ndani na haifiki kilo 3.

6. Je, wajua kwamba mkanda wa kawaida hushika kwa namna ileile ya shati? Kuna kifungo, kuna tundu, basi. Tundu likiwa jipya hubana. Likizeeka hupanuka, na kifungo hupita bila kubisha hodi. Aliyewahi kutembea na ndara iliyochomoka mkanda anaijua fizikia hii vizuri. Siku ile tundu la ndara linapopanuka, watu huweka msumari au kipande cha plastiki chini ya soli ili kile kichwa cha mpira kisirudi kilikotoka. Hilo nalo ni kufuli la mkanda, ila la mguuni.

7. Je, wajua kwamba mkanda hauchomoki kirahisi besi ikiwa imetulia? Besi ikining'inia, uzito wake wenyewe huukaza mkanda kwenye kifungo. Hatari huja mkanda unapolegea: umeinama kurekebisha pedali, umeketi kati ya nyimbo, umeinua besi kwa mkono ili bega lipumzike. Hapo ngozi hujikunja na tundu hupanda juu ya kichwa cha kifungo. Ukiiachia besi, uzito unarudi mahali ambapo hapana tena cha kuupokea.

8. Je, wajua kwamba kwa kawaida huchomoka upande mmoja tu? Ukichomoka upande wa pembe, kichwa cha besi huchora nusu duara kuelekea sakafuni, na shingo ndiyo hutangulia. Ukichomoka kitakoni, bodi hutangulia. Heri bodi.

9. Je, wajua una muda gani wa kuidaka? Kitu kikianguka kutoka kimo cha mita 1 hufika chini kwa muda usiozidi nusu sekunde, kikiwa na kasi ya karibu kilomita 16 kwa saa. Ni mwendo wa baiskeli ya mtu mwenye haraka. Na mikono yako yote miwili iko kwenye nyuzi.

10. Je, wajua kwamba sikio hujua baada ya bega? Besi yangu iliniponyoka mazoezini, tena katika wimbo wa polepole. Nilisikia wepesi begani kabla sijasikia kishindo. Bodi haikupata hata mkwaruzo. Kikaza cha uzi mnene ndicho kilichopinda kama kijiko. Nilipoukagua mkanda, lile tundu ambalo zamani nililipigania kwa dole gumba hadi ukucha uume lilikuwa limelegea kama mdomo wa mfuko wa zamani.

11. Je, wajua kwamba shingo ya besi huvutwa usiku na mchana na nyuzi nne kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70? Nguvu hiyo inaihimili miaka na miaka kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili yake. Pigo la ubavuni la kufumba na kufumbua ndilo halikuwemo kwenye hesabu.

KUFULI LENYEWE

12. Je, wajua kwamba kufuli la mkanda ni vitu viwili? Kimoja ni kifungo kipya, kinachofungwa kwenye besi mahali pa kile cha zamani. Cha pili hufungwa kwenye mwisho wa mkanda na hukaa huko. Vikikutana hushikana chuma kwa chuma, na tundu la ngozi halitegemewi tena kukishika kifungo.

13. Je, wajua kwamba moja ya majina makubwa katika makufuli haya ni Schaller, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1945? Kufuli lake lililozoeleka lina kikombe chenye umbo la herufi U kinachokumbatia kifungo, na pini yenye springi inayoingia katikati ya kifungo. Ukivuta pini, mkanda unatoka, ukiiachia, imefunga.

14. Je, wajua kwamba kikombe hicho kina juu na chini? Besi ikining'inia, upande wa wazi wa U uelekee juu. Hapo uzito hukalia tumbo la U, kiasi kwamba hata pini ikigoma, besi bado imekaa. Ukikifunga kichwa chini miguu juu, kila kitu kinategemea pini nyembamba peke yake. Kosa hili ni rahisi kulifanya kwa sababu kufuli hufunga vizuri vilevile, na hulia vilevile.

15. Je, wajua kwamba Dunlop wanatumia gololi? Katika Straplok, kifungo kina shimo katikati. Sehemu ya mkanda ina mhimili mfupi wenye vigololi vya chuma vinavyochomoza ubavuni. Ukibonyeza kitufe cha katikati, vigololi hurudi ndani na mhimili huingia. Ukiachia, hutoka na kung'ang'ania ukuta wa shimo. Mkanda huweza kuzunguka upendavyo bila kujikunja.

16. Je, wajua kwamba Dunlop hao si wale wa matairi? Kampuni ya vifaa vya magitaa ilianzishwa mwaka 1965 huko California na Jim Dunlop, mzaliwa wa Scotland. Tairi lina jina la John Boyd Dunlop. Naye pia alizaliwa Scotland, lakini kampuni zenyewe hazihusiani.

17. Je, wajua kwamba makufuli ya kampuni hizo mbili hayaoani? Sehemu ya mkanda ya Schaller haiingii kwenye kifungo cha Dunlop. Mwenye besi mbili na mkanda mmoja achague familia moja, kisha aongeze vifungo vya besi ya pili.

18. Je, wajua kwamba mojawapo ya makufuli yanayopendwa zaidi duniani lilitoka kwenye chupa ya bia? Grolsch ya Uholanzi ilianza mwaka 1897 kutumia chupa yenye kizibo cha kubana kwa waya, na kizibo hicho kina pete ya mpira. Wapiga magitaa waligundua kwamba pete hiyo, ikisukumwa juu ya kifungo baada ya kuvaa mkanda, hukataa kutoka. Hakuna bisibisi wala drili.

19. Je, wajua kwamba pete hiyo si lazima itoke Uholanzi? Bia nyingi za kwetu huzibwa kwa kifuniko cha bati, lakini duka la vifaa vya bomba lina pete za mpira za kila kipimo. Soli ya ndara iliyochoka, ikikatwa duara na kutobolewa katikati, hufanya kazi ileile. Angalia tu ibane. Ukiweza kuitoa kwa kidole kimoja, na besi nayo itaweza.

KWENYE MEZA YA FUNDI

20. Je, wajua kwamba kazi nzima huhitaji zana chache tu? Bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu, spana ya nati ya upande wa mkanda, na taulo la kulazia besi. Tumia bisibisi ya mkono. Mashine haijui kusimama kwa wakati, na ikiteleza huacha alama ambayo mnunuzi wa kesho ataiona kabla hajakusalimu.

21. Je, wajua kazi ya kile kiduara cha kitambaa kilicho chini ya kifungo? Hutenganisha chuma na rangi. Usikitupe. Kifungo kikikazwa moja kwa moja juu ya rangi, rangi huweza kupasuka kuzunguka tundu.

22. Je, wajua kwamba skrubu ya zamani haikubali kila kifungo kipya? Kifungo cha kufuli kina bakuli dogo ndani, na kichwa cha skrubu kinapaswa kuzama humo. Kichwa kikiwa kikubwa hubaki kimechomoza, na kwa kufuli la gololi inatosha kuuzuia mhimili usiingie hadi mwisho. Ukiona kifungo kipya hakifungi, tazama kichwa cha skrubu kabla ya kulilaumu kufuli.

23. Je, wajua kwamba skrubu hurudishwa kwa kuizungusha kinyume kwanza? Iweke tunduni, izungushe taratibu kama unayeifungua. Ghafla utaisikia ikidondoka kidogo, kama mguu ulioipata ngazi gizani. Hapo imeupata mfereji wake wa zamani. Sasa anza kukaza. Ukikaza tangu mwanzo, huweza kuchimba mfereji mpya kando ya ule wa kwanza, na mbao katikati ya mifereji miwili hugeuka unga.

24. Je, wajua jinsi ya kuchagua biti ya drili bila kipimo, pale skrubu inapohitaji tundu jipya? Isimamishe mbele ya skrubu, uzitazame zote mbili kwenye mwanga. Biti iufunike mwili wa skrubu, lakini meno yaonekane pande zote mbili. Meno yakifichika, biti ni nene mno. Kisha zungushia biti selotepu mahali pa kuishia, usije ukatoboa kupita kiasi.

25. Je, wajua kwamba drili huanza kwa kuzunguka kinyumenyume? Fundi makini huigusisha biti kwenye rangi ikizunguka kinyume, ili iikwangue rangi kuwa kiduara safi badala ya kuibandua vipande vipande. Ikifika kwenye mbao ndipo huigeuza.

26. Je, wajua kwamba mshumaa ni zana? Sugua meno ya skrubu kwa nta kabla ya kuiingiza. Huingia kwa ulaini, na kichwa chake hakichakai kwa kulazimishwa.

27. Je, wajua kwamba vijiti vya meno vimeokoa besi nyingi? Skrubu inayozunguka bila kukaza haina kosa. Mbao ndiyo imeisha. Chukua vijiti viwili au vitatu, vichovye kwenye gundi ya mbao, vipange tunduni hadi kiingie cha mwisho kwa kubana. Vikate vilingane na uso wa mbao, futa gundi iliyofurika kwa kitambaa chenye maji, kisha iache besi ilale hadi kesho. Usiku huo mmoja ndio sehemu ngumu ya kazi yote, maana mkono huwasha kutaka kujaribu. Asubuhi toboa kijitundu chembamba, paka nta, kaza. Skrubu itauma mbao mpya. Tundu likiwa limeharibika zaidi, fundi huling'oa lote kwa drili na kulizibia kigingi cha mbao ngumu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mpiga besi, usipoziba tundu utanunua shingo.

28. Je, wajua kwamba mbao ngumu nayo ina hila zake? Warwick, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1982, imetumia sana bubinga na wenge, mbao za misitu ya Afrika ya Kati. Kwenye mbao kama hizo skrubu haizunguki bure. Tundu likiwa jembamba mno, skrubu yenyewe ndiyo hukatika, na nusu yake hubaki ndani. Mbao laini husamehe kipimo kibaya leo na kukudai kesho. Mbao ngumu hudai papo hapo.

29. Je, wajua kwamba mkanda mnene kupita kiasi huweza kulishinda kufuli? Mpangilio wa Schaller ni kikombe, mkanda, washa, nati. Ngozi ikiwa nene sana, nati hushika meno mawili matatu tu ya mwisho. Katika Dunlop, kibanio cha chuma hakifiki kwenye mfereji wake. Punguza ngozi kwa kisu upande wa ndani, au tafuta mkanda mwembamba zaidi. Usilazimishe kwa koleo.

JUKWAANI

30. Je, wajua kwamba kufuli haliondoi udhaifu, linauhamisha tu? Zamani kilichochoka kwanza kilikuwa tundu la ngozi, nacho ulikiona kwa macho. Ukishafunga chuma, kinachofuata kuchoka ni nati inayoshika kikombe kwenye mkanda, nayo imejificha. Mkanda ukiyumba wimbo baada ya wimbo, nati hujifungua kidogo kidogo bila kelele. Mpiga besi wa dansi, anayesimama tangu saa tatu za usiku hadi karibu na alfajiri, huipa nafasi kubwa ya kufanya hivyo.

31. Je, wajua dawa yake? Tone moja la gundi ya nati, ile ya mafundi wa magari. Ikikosekana, azima rangi ya kucha nyumbani. Hushika nati vizuri na hufunguka kwa spana ukitaka. Ukiulizwa kwa nini unayo mfukoni, sema ukweli.

32. Je, wajua kwamba waya nao hufungwa kwa mkanda? Upitishe kati ya mkanda na bodi kabla ya kuuchomeka. Mtu akiukanyaga, mvuto huishia kwenye mkanda badala ya kung'oa jeki.

33. Je, wajua kwamba kufuli haliponyi besi inayoinamisha kichwa? Gibson EB-3 ya mwaka 1961 ina pembe fupi, na kifungo chake cha mbele kiko nyuma ya bodi, penye kitako cha shingo. Mkono wa kushoto ukiachia, shingo hushuka. Dawa ya hapo ni kukihamisha kifungo, au kuvaa mkanda mpana wa ngozi yenye sehemu ya ndani isiyoteleza.

34. Je, wajua kwamba Ned Steinberger alilitatua tatizo hilo kwa kukata kichwa? Besi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 haina kichwa wala pembe. Vikaza viko kitakoni, na mkanda hushikwa na kibao kinachozunguka nyuma ya bodi.

35. Je, wajua kwamba besi maarufu kuliko zote zilizovunjika haikuponyoka mkanda? Ni Precision ya Paul Simonon wa The Clash, aliyeibamiza kwa makusudi jukwaani Palladium, New York, Septemba 1979. Pennie Smith aliipiga picha, akaona haikutulia sawasawa, asitake itumike. Ikawa jalada la albamu ya London Calling.

36. Je, wajua kwamba kuna besi iliyomrudia mwenyewe? Mwaka 1992, katika tuzo za MTV, Krist Novoselic wa Nirvana aliirusha yake juu akakosa kuidaka, ikamtua kwenye paji la uso. Kwa hilo, hakuna kufuli lililokwisha kutengenezwa.

37. Je, wajua ukaguzi mzima huchukua sekunde ngapi? Kumi hivi. Vuta kila mwisho wa mkanda kuelekea nje, mbali na bodi, usisikilize mlio peke yake. Gololi huweza kulia bila kufika. Tikisa kifungo kuona kama skrubu imelegea. Zungusha nati kwa vidole: ikikubali, haiko tayari kupanda jukwaani, nawe pia bado. Mimi siku hizi hugusa nati kwanza, ndipo niguse uzi.